Nyumba Waliyoikuta Tupu

Kasulu, 2 Februari 2025

Mama mdogo mpendwa,

Kabla ya salamu naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu. Ninaogopa kuhesabiwa.

Kila jioni matroni hutupanga mstari mbele ya bweni na kila msichana hutaja namba yake kwa sauti. Zamu ikianza kunikaribia miguu inakuwa ya baridi, na ikifika kwangu koo linajifunga. Gentille, anayelala kitanda cha juu yangu, ndiye hunisaidia. Hutaja yangu kwa sauti nyembamba, halafu yake kwa sauti nene. Wenzetu wanacheka na matroni anadhani ni utoto. Gentille ni Mkongo, baba yake anafanya kazi na shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Siku moja aliniuliza, "Weye unaogopaka nini? Namba haiumake mtu." Nikamwambia ninaumwa koo. Kwa hiyo hata yeye hajui.

Nilitaka kukuuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu mwingine wa namna hii. Je, Mama alikuwa hivi? Mimi simkumbuki.

Sasa shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na mbuzi hawajarudi tena kwenye maharage ya jirani. Mimi ni mzima. Maktaba yetu imepata rafu mpya na nimepewa kazi ya kuifuta vumbi, kazi ambayo ningeifanya hata bila kupewa. Mwalimu Pasikali, anayetufundisha Uraia, ametuambia kwamba Wakala wa Afya na Ustawi umeleta wakaguzi huru, yaani watu wasioajiriwa nao, waangalie kama kazi zake zinaleta faida inayostahili. Wanaita ukaguzi wa ufanisi. Alisema watapita Kasulu, Kibondo na Kakonko. Nilitaka kunyoosha mkono niseme mama yangu mdogo anatunza nyumba ya Wakala, ile wanayokaa wajawazito wa vijiji vya mbali wakingojea siku zao. Sikunyoosha.

Je, watafika na kwako?

Mwanao,
Generoza


Kibondo, 20 Februari 2025

Mwana wanje Generoza,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya vitunguu, maana Felisiani aliiweka garini mwake, kwenye viroba vya mzigo. Nimemwambia, "Hii ni barua ya mtoto, si bidhaa." Akasema vitunguu ndivyo vinavyomlipa, barua anabeba kwa mapenzi tu.

Mgongo haujambo. Mbuzi wamerudi kwenye maharage. Jirani amekuja kulalamika mpaka nikampikia chai.

Wakaguzi watafika, ndiyo. Tumeambiwa Jumanne. Nimepaka chokaa ukuta wa mbele na mashuka yote yamefuliwa. Nyumba imejaa, mwanangu, nafurahi kukuambia. Wapo wanaotoka huko mpakani kabisa, na yupo mmoja anaitwa Adija, mimba ya kwanza, miguu imemvimba, ananichekesha mchana kutwa. Anasema mtoto wake atakuwa dereva kwa sababu anapiga breki usiku. Wageni wakiona akina mama wamekaa vizuri hivi labda tutapata tangi la maji.

Hayo ya kuogopa ni ya shule. Kula vizuri na ulale mapema. Mama yako alikuwa mtu wa kuimba.

Mama yako mdogo,
Theodosia


Kasulu, 12 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua inanyesha na bati la darasa letu linapiga kelele hadi mwalimu anaandika tu ubaoni, hasemi. Mimi napenda siku kama hizo. Gentille amepata malaria ila amepona. Alipokuwa chumba cha wagonjwa sikuwa na wa kunitajia namba, na matroni alirudia mstari mzima mara mbili kwa ajili yangu. Wenzangu wamenipa jina la utani. Sitaliandika hapa.

Umesema Mama alikuwa mtu wa kuimba. Ahsante, hilo nilikuwa silijui. Lakini sikuuliza kuhusu kuimba.

Wakaguzi walifika? Walisemaje juu ya chokaa? Na Adija amejifungua? Nimekuwa nikimwazia huyo dereva. Niandikie hata mistari michache, maana Felisiani amepita mara mbili na mikono mitupu, na mara ya pili nilipomuuliza alitazama matairi ya gari lake.

Mwanao,
Generoza


Kibondo, 30 Machi 2025

Mwana wanje,

Marahaba. Wageni walikuja wakaondoka. Walikuta nyumba ni safi.

Maharage yamekubali mwaka huu. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Nakuletea kitenge, unga wa muhogo na sabuni. Gentille nimemwekea karanga zake, mwambie ahsante kwa yale anayokufanyia jioni.

Usimgombeze Felisiani. Barua sikuwa nimeandika.

Theodosia


Kasulu, 24 Aprili 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumepokea vitu vyote. Gentille alikula karanga zote siku ileile na anasema wewe ni mama ya kweli. Kitenge nimekihifadhi, sijakishona, bado kina harufu ya nyumbani.

Nimeandika barua hii na kuichana mara kadhaa. Wiki iliyopita Mwalimu Pasikali alituletea rasimu ya ripoti ya wakaguzi, ile iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo mjini ili wananchi waisome kabla haijapitishwa. Alitaka tuifanyie mdahalo. Alitugawia kurasa, na bila kujua alinipa mimi ukurasa wa Kibondo nisome kwa sauti.

Imeandikwa kwamba siku ya ukaguzi nyumba ya kungojea uzazi ilikutwa tupu. Hakukuwa na mjamzito hata mmoja. Mhudumu hakuwepo kituoni. Kwa hiyo wanapendekeza nyumba ifungwe na huduma yake ihamishiwe Kakonko, kwa kuwa haina ufanisi.

Nilisoma mpaka mwisho. Saady, anayekaa dawati la nyuma, akasema, "Huyo mhudumu naye, analipwa kulinda hewa!" Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwambia Saady asimame aeleze vizuri hoja yake, na kweli akasimama akaeleza vizuri. Alisema nyumba isiyotumika inawanyima wengine. Kama nisingekujua ningekubaliana naye. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama mdogo, uliniandikia nyumba imejaa. Uliniandikia juu ya miguu ya Adija. Ulikuwa wapi siku ile? Na wao walikuwa wapi?

Wakaguzi watakaa ukumbini hapa Kasulu Ijumaa, tarehe 23 Mei, kusikiliza maoni. Baada ya hapo wanafunga ripoti. Mtu wa mpakani hawezi kufika Kakonko akiwa na uchungu, hilo hata mimi nalijua.

Sijakasirika. Nataka tu kujua.

Generoza


Kibondo, 9 Mei 2025

Mwana wanje mpendwa,

Marahaba, na uwe na amani. Nyumbani ni wazima. Pacha wa mbuzi wanaruka juu ya kila kitu. Mvua zinakata sasa.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, maana mezani kalamu inakataa.

Jioni ya kuamkia Jumanne ile niliwakusanya akina mama. Nikawaambia kwa furaha kabisa, "Kesho wanakuja wageni wa kuhesabu. Kila mmoja akae kitandani kwake amependeza." Adija akauliza, "Wanahesabu vitanda au wanahesabu watu?" Nikasema vyote viwili. Wakaenda kulala mmoja mmoja. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikadhani wana usingizi.

Unajua wengi wetu huku tulivuka mpaka tukiwa wakimbizi. Wengine wana karatasi, wengine wana mume mwenye karatasi, wengine hawana kitu ila shamba la kukodi. Asubuhi gari jeupe likaingia na kibendera. Wakashuka watu wamevaa fulana za njano, na mmoja akaanza palepale getini na kifaa chake mkononi, ananyoosha kidole, moja, mbili. Alikuwa anahesabu madirisha, mwanangu! Nilikuja kujua baadaye. Lakini niligeuka nikakuta mlango wa jikoni uko wazi na vitanda vimebaki na joto tu.

Nikasema niwafuate niwarudishe. Nikawakuta ndani ya mihogo, wamechuchumaa na matumbo yao kwenye tope. Nikamwambia Adija, "Ewe, rudi ndani! Hawa ni watu wa ufanisi tu, hawana neno na mtu." Akanitazama. Akasema, "Sasa wewe, Mama Theo, mbona umekuja na sandali mkononi?"

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimezivua. Mtu anayekwenda kuwarudisha wenzake havui viatu ili asisikike.

Nikakaa nao. Wale wageni walingoja barazani mpaka jua likawa juu, wakaita "Hodi! Kuna mtu?" kwa sauti ya upole kabisa. Nilisikia kila hodi. Sikuitikia. Karatasi yangu ya uraia iko ndani ya Biblia, ina mhuri, hakuna wa kunipeleka popote. Akili inajua hivyo. Miguu haijui.

Sasa nikujibu ulichoniuliza mwezi wa pili. Ulikuwa na umri wa kukaa mgongoni bado. Kambi ilikuwa inafungwa, watu wanahesabiwa mistari miwili. Mama yako alikuwa amebeba sufuria na mikeka, kwa hiyo wewe nilikubeba mimi, ndiyo sababu tu, hakukuwa na nyingine. Mtu mwenye fulana alipita akigusa kila kichwa na fimbo nyembamba, bila kuumiza. Alitugusa sisi wawili kwa pamoja, akataja namba, tukaambiwa tusogee huku. Mama yako akaguswa, akatajwa namba yake, akaambiwa asogee kule. Kule kulikuwa na malori ya kurudisha watu ng'ambo ya mpaka. Alidhani ni foleni tu na tutakutana mbele. Alikuwa anaimba. Ulilia ulipoona gari linaondoka, halafu ukanyamaza kabisa, hukutoa sauti siku nyingi. Mwaka uliofuata tukaletewa habari ya ugonjwa wake, hiyo unaijua.

Sikukuambia kwa sababu niliona umesahau, nikamshukuru Mungu. Kumbe koo lako lilikuwa linakumbuka.

Wakaguzi waliniandikia kuuliza nilikuwa wapi. Nikajibu nilikuwa sokoni, na akina mama wamekwenda kupalilia. Nikisema ukweli watauliza ni nani hao wanaokimbia na kwa nini, na safari ijayo watakuja na watu wengine wenye maswali mengine. Afadhali waseme mimi ni mvivu. Usimwambie mtu.

Adija hakurudi siku ile. Nilimfuata kwao baada ya siku kadhaa, nikamkuta amejifungia ndani, amekataa hata uji. Nikakaa mlangoni nikamtania juu ya breki za mwanawe mpaka akacheka, tukarudi kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika kama debe la asali. Alijifungua salama. Ni msichana, na anapiga kelele kama honi.

Nakupenda sana. Hilo nalo huwa siliandiki.

Mama yako mdogo,
Theodosia


Kasulu, 15 Mei 2025

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima na mitihani inaendelea. Leo ilikuwa Historia.

Nimesoma barua yako nyuma ya maktaba. Gentille alinikuta, hakuuliza kitu, akakaa tu na kunisukia nywele upya ingawa zilikuwa bado nzuri. Nilimwambia yote ya koo langu. Ya kwako sikumwambia.

Nimefurahi kujua kwamba nilikuwa mgongoni mwako. Siku zote nilidhani kuna kitu kibovu ndani yangu kilichozaliwa hivyo. Sasa najua kina mahali kilipotoka, na kwamba hata pale palikuwa na mtu aliyenibeba.

Lakini nataka kukuomba, kwa heshima yote, ufute lile neno la sokoni. Wakiifunga ripoti na neno hilo, nyumba itafungwa kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea. Waambie uliogopa. Usimtaje mtu mwingine. Kuogopa si kosa la kazi.

Felisiani anaondoka sasa hivi, anapiga honi. Nijibu kabla ya tarehe 23.

Generoza


Kasulu, Jumamosi, 24 Mei 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Jibu lako halijafika. Felisiani amesema gari lilikwama na barua yangu alikukabidhi juzi tu, na kwamba uliisoma ukaikunja ukaenda kuchanja kuni. Nimeelewa.

Jana nilikwenda ukumbini. Mwalimu Pasikali alituombea ruhusa watu wachache wa mdahalo. Wakaguzi walikuwa watatu, na aliyeongoza ni mama mmoja wa makamo, Bi Firdausi, ana miwani na kikohozi. Mzee mmoja alisimama akazungumza juu ya daraja la kijiji chao hadi akaombwa aketi. Akasema, "Na daraja nalo ni afya! Ukianguka si unapelekwa hospitali?" Watu wakampigia makofi, na Bi Firdausi akacheka akaandika daraja.

Walipofika Kibondo akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyesimama. Saady akaniangalia, maana baada ya mdahalo Gentille alimwambia nina ndugu pale, na tangu siku ile amekuwa akiniazima vitabu vyake bila kuombwa. Nikasimama kwa sababu nilijua hakuna mwingine atakayesimama.

Sauti ilichelewa. Bi Firdausi akasema, "Tuna muda, binti." Nikasema nyumba ile haikuwa tupu. Akasema wao walikuwa pale karibu asubuhi nzima. Nikasema, "Mlikaa barazani. Nyuma kuna majiko ya mafiga, kila mama na lake, kwa sababu kila mmoja anajipikia chakula cha kwao. Mimi nimekaa pale likizo zote. Mngeweka mkono juu ya majivu mngejua wapo wangapi."

Akawageukia wenzake. "Tulizunguka nyuma?" Mmoja akasema hawakuzunguka, waliogopa kuingia ndani kwa wenyewe bila kukaribishwa. Alisema kwa aibu kidogo, na mimi nikamwonea huruma, kwa sababu ni adabu.

Halafu akauliza nililokuwa naliogopa. "Na mhudumu je? Ametuandikia alikuwa sokoni."

Mama mdogo, hapa ndipo nilipofanya usichoniruhusu. Ningeweza kukaa chini. Nilisema, "Hakuwa sokoni. Aliogopa. Alihesabiwa zamani, mimi nikiwa mgongoni mwake, na baada ya kuhesabiwa hatukumwona tena mama yangu. Mimi mwenyewe naogopa mpaka leo." Kijana wao mmoja akauliza, "Na hao akina mama ni akina nani hasa?" Nikasema sitajibu. Akarudia. Nikasema, "Ni wajawazito." Bi Firdausi akamwambia kijana, "Inatosha. Hatukuajiriwa kukagua watu, tumeajiriwa kukagua huduma."

Alinifuata nje baadaye. Alisema hawawezi kuifuta rasimu kwa maneno ya mtu mmoja, ila wanaweza kurudi, na watarudi Alhamisi. Aliniuliza warudi vipi. Nilimwambia gari waliache barabarani, fulana wazivue, waje wawili tu, wapitie nyuma, na wakikaribishwa chakula wale. Akasema kula hawaruhusiwi wakiwa kazini. Nikasema basi hata maji. Akasema maji yanaruhusiwa. Alisema pia kwamba lazima uwepo, na useme mwenyewe ulikokuwa, la sivyo neno lako la sokoni ndilo litakalobaki kwenye ripoti.

Sijui kama utaniwia radhi. Jina la mtu mwingine sikulitaja, ni lako tu na langu. Ninaandika haya kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitalia kabla ya kufika katikati.

Baada ya hapo nilikwenda kwa matroni nikaomba ruhusa. Mitihani iliisha jana asubuhi. Akauliza ni msiba? Nikasema hapana, ni mama yangu mdogo, ana wageni Alhamisi na hapaswi kuwa peke yake. Aliniangalia sana, akaandika kibali.

*

Jumapili. Naongezea mistari hii nikiwa kwako. Felisiani alinipakia mbele, pembeni ya trei za mayai. Nimeingia kwa mlango wa mbele, upo wazi, na chumbani hakuna mtu. Nakusikia huko nyuma unagombana na mtu kuhusu chumvi, na yeye anakujibu, na nyote mnacheka. Sikukuita. Nimevua viatu, nikafagia baraza, nikaangalia mtungi nikakuta umekaribia kwisha. Nimeiweka barua hii juu ya mto wako. Nimechukua ndoo, nimekwenda bombani.